Dada Staa, Ile Pesa ya "Wekeza Ukopeshe" Iko Wapi?

Wadau wanaofuatilia mambo ya mjini watakuwa wameshaona kwamba ile video haipo tena. Ile ya staa wa Bongo Movie, jina kapuni, amekaa kwenye sofa jeupe, wigi mpya, kucha zimeng'aa, simu mkononi, anasema pesa isilale kwenye simu wakati inaweza kukopeshwa kwa watu na mwenye nayo akala riba kama benki. Asilimia 20 kila mwezi. Chini kuna linki, na ukijiunga kupitia jina lake unaongezewa bonasi ya elfu 5.

Imefutwa kimya kimya. Haikufutwa wakati watu wanajiunga, imefutwa wiki ambayo watu walianza kubonyeza "toa pesa" na kujibiwa kwamba mfumo unaboreshwa. Mtandao wenyewe bado unafunguka, rangi zilezile, salio lako unaliona linaongezeka kila asubuhi, ila kulitoa ndio hakuna. Wa huduma kwa wateja alikuwa anajibu WhatsApp ndani ya dakika mbili, sasa tiki ni moja.

Alipobanwa, dada akaandika kwamba yeye alitangaza kama anavyotangaza mafuta ya nywele na kila mtu ana akili zake. Chawa wakamdaka hapohapo: hakumshikia mtu bunduki, tamaa zenu, mbona tulivyokuwa tunavuna hamkusema, muacheni da' mkubwa apumue.

Haya, tuseme ni kweli hakushika bunduki. Lakini kuna tofauti kati ya mafuta ya nywele na ile kitu, na tofauti hiyo ndiyo hakuna aliyetaka kuiongelea. Mafuta yakiwa feki, nywele zinakatika, zinaota tena. Halafu mafuta hayamdai mtu mwingine. Ile biashara ya sofa jeupe ilikuwa na watu wa pande mbili, na dada alituonyesha upande mmoja tu, ule mzuri.

Kukopeshana mtandaoni, mtu na mtu, ni kitu halisi na hakikuanzia Kinondoni. Zopa walianza Uingereza mwaka 2005. Marekani wakafuata Prosper mwaka 2006 na LendingClub mwaka 2007. Wazo ni rahisi: wewe una akiba, kuna mtu asiyekujua anataka mkopo, tovuti inakaa katikati, inampima mkopaji, inakusanya marejesho, inachukua ada yake. Kule Marekani mtu alikuwa anaweza kugawa pesa yake vipandevipande vya dola 25, hiki kwa fundi bomba, hiki kwa mwalimu, ili mmoja akishindwa kulipa usilie sana. Na hapo ndipo penye siri ambayo kwenye video za mastaa huwa haitajwi: mkopaji akikimbia, hasara ni yako. Si ya tovuti. Tovuti imeshakula ada. Wewe ndiye benki, na benki huwa zinapigwa na wadaiwa.

Ndio maana faida kule ilikuwa ya kawaida, inayohesabiwa kwa mwaka. Mtu akipata asilimia 6 au 7 kwa mwaka mzima alikuwa anajisikia mjanja. Dada yetu aliahidi 20 kwa mwezi. Weka kwenye kalkuleta: bila hata kurudishia faida ndani, hiyo ni 240 kwa mwaka.

Sasa swali la mtoto mdogo: nani anailipa hiyo 20?

Majibu yako mawili tu. La kwanza, hakuna mkopaji yeyote, pesa ya aliyejiunga leo inamlipa aliyejiunga mwezi jana, na siku wapya wakipungua mfumo "unaboreshwa". Wakubwa wanaikumbuka DECI, watu walikuwa wanapanda mbegu na kusubiri mavuno, mpaka serikali ilipoingilia 2009, na baadaye baadhi ya viongozi wake wakatiwa hatiani mahakamani. Jibu la pili ni kwamba mkopaji yupo kweli, na anakamuliwa kiasi kwamba mkopeshaji anaweza kulipwa 20 na mwenye mtandao akabaki na chake kingi. Hakuna jibu la tatu. Kwa hiyo anayekutangazia asilimia 20 kwa mwezi anakuambia mojawapo ya mambo mawili, unaibiwa au unaiba. Inawezekana pia ni yote mawili, na hapa kwetu inaelekea ilikuwa hivyo.

Kwa sababu kulikuwa na tangazo la pili. Wengi hawakuunganisha. Mchekeshaji mmoja maarufu wa mtandaoni, yule wa sauti ya bibi, alitoa klipu anajifanya kafukuzwa na mwenye nyumba, anabonyeza simu mara tatu, pesa inaingia, anamrushia mwenye nyumba usoni. Watu walicheka sana. Jina la mtandao kwenye ile klipu lilikuwa tofauti, lakini namba ya malipo na jina la kampuni linalotokea kwenye ujumbe wa simu ni lilelile la sofa jeupe. Staa wa kike alikuwa anakusanya wenye akiba, mchekeshaji alikuwa anakusanya wenye shida. Wote wawili wanalipwa na mfuko mmoja.

Aliyegundua si mwandishi wa habari, ni msusi wa Mwananyamala.

Huyu dada anasuka nywele kwenye kibaraza, wateja wake wengi ni wanafunzi wa vyuo na wadada wa maofisini. Alikuwa kwenye mchezo na wenzake kumi, elfu 60 kila wiki mbili, zamu yake ilipofika akapokea laki 6. Alitaka kununua dryer na viti viwili vya maana. Mteja mmoja, akiwa anasukwa, akamwonyesha ile video. Msusi akaona dryer inaweza kusubiri miezi mitatu, laki 6 ikizaa laki moja na ishirini kila mwezi, atanunua dryer mbili. Si mawazo ya mtu mjinga hayo. Ni hesabu ya mtu anayeamka saa kumi na moja na kusimama mpaka miguu inavimba.

Mwezi wa kwanza ilikuja, 120,000 kamili. Akairudisha ndani. Mwezi wa pili akaona salio limepanda, hakutoa. Mwezi wa tatu, kabla hata hajajua kwamba kutoa kumefungwa, akapokea meseji kutoka namba asiyoijua. Ilikuwa na picha ya kijana, picha ya kitambulisho, na maneno mazito: huyu ni tapeli, amekula pesa ya watu, wewe umewekwa kama mtu wake wa karibu, mwambie alipe leo la sivyo sura yake inasambaa kwenye simu zote alizohifadhi.

Kijana mwenyewe ni mdogo wake, mtoto wa mama yake mdogo, anaendesha bodaboda. Akampigia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hii meseji ni nini?"

Kimya kidogo. Kisha akaeleza: tairi la nyuma lilikuwa limeisha, tajiri wa pikipiki hataki kusikia, akaomba mkopo wa laki moja. Ikaingia elfu 72, nyingine wakaiita gharama za huduma. Siku ya saba akadaiwa laki moja. Akachelewa, ikaanza kupanda kila siku. Mama kashatumiwa, mchungaji kashatumiwa, hadi abiria wake wa kila asubuhi.

"Sasa mdogo wangu, si ungeniambia? Si ningekupa?"

"Dada, pesa yako si ulisema umeiwekeza."

Hayo maneno msusi aliyaandika mwenyewe chini ya picha ya staa, pamoja na picha za skrini za ujumbe wake wa kuweka pesa na ujumbe wa mdogo wake wa kupokea mkopo, kampuni ileile. Zilikaa kama dakika ishirini. Zikafutwa, akablokiwa. Lakini mjini dakika ishirini ni nyingi, watu walishapiga picha, na ndio hizo zinazozunguka kwenye magrupu mpaka leo.

Fikiria hesabu ya yule dogo taratibu. Amepokea 72,000, wiki moja baadaye anatakiwa alipe 28,000 juu yake. Hiyo ni karibu asilimia 39 kwa siku saba. Benki Kuu, BoT, imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wadogo kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 72,000 hiyo ni 2,520. Dogo alidaiwa zaidi ya mara kumi ya hiyo ndani ya robo ya muda. Mtaani watu wameshaipa jina miaka mingi, kausha damu, na jina halikukosewa. Ukiongeza na ile ya kutuma picha ya mtu kwa mchungaji wake, unaona kwamba dhamana aliyoweka si pikipiki wala kitambulisho. Ameweka aibu. Hata kijana asiye na kitu ana mtu ambaye hataki ajue.

Na huyo aliyemkopesha ni nani? Kwa mujibu wa ile video, ni dada yake. Laki 6 ya kusuka nywele ndiyo "inayokopeshwa kwa watu". Alikuwa anakula riba ya ndugu yake bila kujua, halafu naye akaliwa. Ila wenye mtandao wamekula kwa wote wawili, na mastaa wetu wawili walikula kabla ya wote, maana pesa ya tangazo hulipwa mwanzo.

Kuna watu wanasema mbona hata mchezo na vikoba ni kukopeshana, mbona navyo watu wanadhulumiana. Ni kweli wanadhulumiana. Lakini kwenye mchezo kijumbe mnamjua. Mnajua kwake, mnajua mume wake anafanya kazi wapi, mnajua mtoto wake anasoma shule gani. Akikimbia na zamu ya mtu, wamama wanahamia barazani kwake na kangazao, hawaondoki. Kwenye kikoba mkopaji anakaa mbele yenu, mnajua tairi limeisha kweli au anataka kwenda kuhonga. Riba ikikatwa inarudi kwenye mfuko ambao na yeye ana hisa. Kilichofanywa na ule mtandao ni kuchukua lugha ya kikoba, "tukopeshane, tuinuane", na kuondoa kile kitu kimoja kinachofanya kikoba kifanye kazi, kwamba watu wanaonana.

Nafasi ya kijumbe akapewa staa. Watu hawakuiamini kampuni, hakuna aliyejua ofisi iko mtaa gani. Walimwamini yeye. Wamemwona akilia kwenye tamthilia, wamemwona akifiwa na mama yake, wamemchangia kwenye komenti alipopata mtoto. Uaminifu wa miaka minane ndio aliouza kwenye sofa lile, kwa dakika moja na nusu.

Huko nje hii sinema imeshachezwa na mwisho wake unajulikana. Wachina waliipenda kukopeshana mtandaoni kuliko mtu yeyote, walifika majukwaa takriban 5,000. Moja liliitwa Ezubao, likijitangaza mpaka kwenye televisheni ya taifa. Lilipoanguka mwishoni mwa 2015 ikaonekana watu kama laki 9 walikuwa wameweka yuan bilioni 50 hivi, na mkubwa mmoja wa ndani akakiri kwamba karibu miradi yote iliyodaiwa kukopeshwa ilikuwa ya kutunga. Mwanzilishi alifungwa maisha 2017. Serikali ikaanza kusafisha, na kufikia Novemba 2020 wasimamizi wakasema hakuna jukwaa hata moja lililobaki linafanya kazi. Ila sehemu ya kuwaonyesha mastaa wetu ni hii: maofisa wa wilaya moja ya Beijing waliwataka mastaa waliowahi kutangaza majukwaa yale wajitokeze, ikiwemo kwa suala la ada walizolipwa. Hakuna aliyewaambia mashabiki kwamba kila mtu ana akili zake.

Marekani nako, mwaka 2022, staa mmoja mkubwa wa vipindi vya maisha ya familia yake, yule wadau mnamjua bila kutajiwa, alikubali kulipa dola milioni 1.26 kwa sababu aliposti sarafu ya kidijitali bila kusema kwamba amelipwa dola 250,000 kuiposti. Haikuhusu mikopo, na hawakusema alitapeli. Kosa lilikuwa kuficha kiasi alicholipwa. Basi.

Hata wale waanzilishi waaminifu wameachana nayo. LendingClub walisitisha watu wa kawaida kuwekeza kwenye mikopo mwishoni mwa 2020 wakanunua benki. Zopa nao wakapata leseni ya benki, wakafunga upande wa kukopeshana mtu na mtu 2021. Kampuni zenye wanasheria, wahasibu na taarifa za madeni ya kila raia zimeona bora ziwe benki. Halafu kampuni yenye namba ya WhatsApp na sofa inasema yenyewe imeweza, tena kwa 20.

Kwetu sheria ipo, tusijifanye ni porini. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ni ya 2018. Wakopeshaji wa daraja la pili, ambamo wakopeshaji wa mtandaoni wamewekwa, hawaruhusiwi kupokea amana za watu. Maana yake hata kama ule mtandao ungekuwa na leseni ya kumkopesha yule dogo, leseni hiyo isingewaruhusu kukusanya laki 6 ya msusi. Novemba 2024 BoT ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Orodha ya wenye leseni nayo ipo kwenye tovuti ya BoT. Kuangalia kunachukua muda mfupi kuliko kubandika kucha. Na picha ya mtu kusambazwa kwa watu waliohifadhiwa kwenye simu yake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina la kusema, na tume yake inapokea malalamiko.

Kwa hiyo tunarudi kwa da' mkubwa na wale wanaomtetea. Hakuna anayetaka afungwe. Hakuna anayesema alikaa kikao na matapeli akagawana nao mafungu. Inawezekana kabisa meneja wake alipokea mzigo, akaandikiwa maneno ya kusema, akasema. Lakini vitu vitatu viko ndani ya uwezo wake leo hii, na havihitaji polisi. Aseme alilipwa shilingi ngapi. Aseme kama yeye mwenyewe aliweka hata elfu 10 kwenye ule mtandao. Na amtaje aliyemletea dili, maana huyo mtu ana jina, ana sura, alikuja na mkataba au aliweka pesa kwenye simu ya mtu, na watu wanaomtafuta hawana pa kuanzia zaidi ya yeye.

Akitaka kurudisha ile ada, hata kidogo kidogo, mjini atajengewa sanamu. Lakini hicho hakuna anayekitegemea, tusidanganyane.

Kufuta video si kuomba radhi. Kwa kweli kuifuta ni kuwaumiza mara ya pili, kwa sababu ile video ndiyo ushahidi wa watu walioahidiwa nini na nani. Waliohifadhi wasiifute. Ujumbe wa kuweka pesa, namba ya kampuni, linki yenye jina la staa, meseji za matusi, vyote vikae sehemu moja, na waende kituoni kwa pamoja badala ya mmoja mmoja, maana mtu mmoja mwenye laki 6 anaambiwa arudi Jumatatu.

Dogo wa bodaboda deni lake lilimaliziwa na dada yake, kwa pesa ya kusuka, ili meseji zikome. Zilikoma siku nne, akatumiwa nyingine kwamba anastahili mkopo mkubwa zaidi. Msusi amerudi kwenye mchezo, zamu yake ni ya tisa. Dada staa wiki hii anatangaza sabuni ya kung'arisha, komenti amezifunga. Ile klipu ya mchekeshaji, yenye kicheko na mwenye nyumba kurushiwa noti, haijafutwa. Mpaka jana usiku ilikuwa hewani, na linki chini yake inafanya kazi.